Vitumbua Katika Nchi ya Baridi

Mtu atokaye Kyela akapanda kuja Tukuyu huacha nyuma yake joto la Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kama mita 475 juu ya bahari, akafika penye mita zaidi ya 1,500, penye mvua na ukungu chini ya Mlima Rungwe. Mchele aliouchukua ni ule ule. Lakini vitumbua avipikavyo huku juu mara nyingi si vile vile: huwa vizito, moyo wake mbichi, ganda lake laini kama nguo isiyokauka. Leo twapenda kueleza sababu yake, maana sisi wenyewe tuliijua kwa hasara.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulikuwa tumeahidi kupeleka vitumbua mia kwenye arusi ya jirani. Tuliloweka mchele, tukasaga, tukatia hamira jogoo la kwanza, tukangoja muda wa saa mbili kama tulivyozoea tulipokaa Kyela. Kulipopambazuka rojo lilikuwa limetulia kama chokaa ya kupaka ukuta, halina hata kiputo kimoja. Tulikaanga hivyo hivyo, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Wageni walikuwa watu wa adabu. Waliuma mara moja, wakaweka kando ya sahani, wakaisifu chai. Bakuli la pili lilikuwa bado halijaguswa. Mama mmoja mzee akaingia jikoni, akalishika ubavuni kwa kiganja, akasema, “Mwalimu, rojo hili halikufa, limelala tu. Lisogeze karibu na mafiga.” Tukalisogeza, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limefika ukingoni mwa bakuli.

Mama yule alinena kweli. Hamira si dawa wala si unga mtupu. Ni viumbe hai vidogo mno, jamaa ya uyoga, visivyoonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo ifanyayo viputo vya kukifanya kitumbua kiwe chepesi. Penye joto la digrii 25 hata 35 hufanya kazi kwa bidii. Baridi ikizidi hupooza, na maziwa yenye moto wa digrii 60 huviua kabisa. Basi kosa letu halikuwa katika hamira wala katika mchele, bali tulihesabu saa badala ya kulitazama rojo. Katika joto la Kyela saa mbili huenda zikatosha. Tukuyu mwezi wa Julai, hata saa sita zaweza kupita. Dalili za kutazama ni uso uliojaa viputo, rojo lililopanda waziwazi, na harufu ya uchachu iliyo tamu kidogo. Likiachwa kupita hapo huanguka na kuwa kali. Kwa mama auzaye vitumbua ili anunue madaftari ya watoto, bakuli moja lililoharibika ni faida ya siku nzima iliyomwagwa, na mchele na sukari ni juu yake.

Vipimo vyetu ni hivi. Mchele wa vikombe viwili hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha husagwa pamoja na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa hata kuwa vuguvugu. Watu wa pwani hutumia tui, nao wana haki, kwa kuwa mafuta ya nazi hulainisha moyo wa kitumbua. Lakini nazi huku kwetu ni mgeni wa bei kubwa, na maziwa ya ng'ombe Rungwe yapo. Ongeza kijiko cha samli ili kufidia mafuta yaliyopungua. Sukari ni nusu kikombe, hamira kijiko kidogo kimoja, na iliki kadiri upendavyo. Saga mpaka ukipikicha rojo kati ya vidole usione chenga, kwa maana chenga huzama chini ya bakuli, nawe utapata vitumbua vya kwanza vya maji na vya mwisho vya mchanga. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji machache, basi punguza maziwa.

Huko Ubelgiji na Uholanzi kuna mkate uitwao wafeli, upikwao kati ya vyuma viwili vyenye vishimo vya mraba, na wapishi wake hutafuta jambo lile lile tulitafutalo, ganda kavu na moyo mwepesi. Unga wao ni wa ngano, nao una utomvu unyumbukao. Ukikorogwa sana huvutika kama mpira. Mchele hauna utomvu huo. Waweza kulipiga rojo lako kwa mwiko mpaka mkono uchoke, wala halitadhurika, ila likiisha kuumuka usilipige tena.

Sasa tuje kwenye ganda. Ganda kavu ni kazi ya kufukuza maji. Huku Tukuyu maji huchemka kwa digrii kama 95, kwa sababu nchi imeinuka, na sehemu yoyote ya kitumbua iliyo na maji mengi haiwezi kupata joto kupita hapo. Hapana budi maji ya juu yatoke kwanza yakiwa mvuke, ndipo uso upate joto la mafuta, ukauke na kuwa wa kahawia. Chuma kikiwa baridi, rojo hunywa mafuta na ganda halifanyiki. Tia mafuta kidogo katika kila kishimo, kisha dondosha tone la rojo. Likilia na kukaza kingo mara moja, chuma kiko tayari. Jaza vishimo robo tatu, halafu punguza makaa, maana moto mkali huunguza sukari kabla moyo haujaiva. Kingo zikikauka na vitundu vikifunguka juu, geuza kwa kijiti.

Wapishi wengi walio wazuri hupoteza kazi yao hapa mwishoni. Huvirundika vitumbua vya moto katika bakuli, wakavifunika kwa jani la mgomba ili visipoe. Baada ya dakika tano, funua ulitazame jani hilo kwa chini: limejaa matone. Ni mvuke ule ule uliofukuzwa kwa kuni nyingi, nao unarudi kuingia katika ganda. Sisi huvitandaza juu ya ungo, kimoja kimoja, tukauinua ungo juu ya vijiti viwili ili upepo upite chini yake. Avipelekaye sokoni asubuhi ya ukungu na avingoje vipoe kabisa, ndipo avifunike. Vikilegea hata hivyo, virudishe katika chuma kikavu kisicho na mafuta, dakika moja kila upande.