Mafundi wa Tando za Kijani (2)

Sehemu iliyopita tuliishia ndani ya kloroplasti, penye thilakoidi, vile vifuko bapa vya utando vinavyobeba klorofili. Utando huo una unene wa molekuli mbili tu za mafuta, na karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina moja, yenye kichwa cha sukari ya galaktosi. Ajabu ni kwamba hayatengenezwi papo hapo. Hutengenezwa kwenye ganda la kloroplasti, kisha sharti yavuke majimaji ya katikati. Nani anayavusha?

Anayeshukiwa zaidi ni protini iitwayo VIPP1. Ilitambuliwa mwaka 1994 katika njegere, lakini uzito wake ulionekana 2001, wanasayansi wa Ujerumani walipochunguza Arabidopsis, kimmea cha ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Miche iliyopungukiwa VIPP1 ilipauka, thilakoidi zikawa haba, ikashindwa kujilisha kwa jua. Iliponea sukari ya maabara.

Umbo la protini hii liliwekwa wazi mwaka 2021 kwa hadubini ya elektroni. Makumi ya molekuli hushikana zikawa pete, pete zikapandana tabaka kwa tabaka, na ncha zipendazo mafuta zikaelekea ndani, ambako huukamata utando. Watafiti wakaziharibu ncha hizo katika sianobakteria, bakteria wanaojilisha kwa jua na wenye thilakoidi zao wenyewe. Kwenye mwanga hafifu hapakuwa na neno. Mwanga ulipokuwa mkali, thilakoidi zilivimba.

Kwa maoni yangu, jaribio hilo linatueleza zaidi kuliko yote. Kazi ya utando ni kuzifungia protoni ndani, zitoke kwa mlango mmoja tu, kimeng'enya kinachounda ATP. Utando ukivuja ni sawa na tyubu ya baiskeli iliyotoboka: utapiga pampu mpaka uchoke, upepo haukai. Kwa hiyo VIPP1 si mjenzi tu, ni mziba viraka pia, na jua kali ndilo linalompa kazi.

Umbo lilifichua na nasaba yake. VIPP1 ni ndugu wa protini za ESCRT-III, zinazoziba tando zilizochanika katika seli zetu wenyewe, na ambazo virusi vya UKIMWI huziteka ili vichomoke. Bakteria E. coli naye anayo ya kwake, PspA. Ukoo huu, basi, ni mkongwe kuliko mimea na wanyama.

Toleo lijalo: D1, protini ambayo jua huiharibu kila siku na jani huibadilisha bila kuchoka.