KUHAMA CHUO NA WAKATI WAKE

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wazazi wenzetu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakastaajabu kuliona katika kurasa hizi, nalo ni kuhama kwa vijana wetu kutoka chuo kimoja kwenda chuo kingine. Tusemapo chuo, mzee wa pwani atadhani twasema chuo cha Kur'ani. La, leo twasema vyuo hivi vya uhasibu, ufundi, ualimu na sheria, ambavyo ada zake zamtoa baba jasho na mama akauza kanga zake.

Sisi tulioko Lemara tumezungukwa na vyuo. Njiro hapo jirani pana Chuo cha Uhasibu Arusha. Mjini pana Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978. Ukishika njia ya Moshi utakikuta Tengeru Chuo cha Maendeleo ya Jamii pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela, na ukisogea mbele utafika Makumira na Usa River, ambako pana vyuo vikuu viwili vya madhehebu ya Kikristo. Basi kijana wa hapa aweza kuanza masomo mahali pamoja, akapata habari za pengine penye fani aipendayo zaidi au ada nafuu, au akatamani kusoma baina ya Waislamu wenziwe katika Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005, au kule Unguja, Tunguu na Chukwani. Kutaka kuhama si aibu wala si utovu wa adabu. Taabu iko katika wakati.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa akisoma stashahada katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja. Baba yake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya mwaka wa mwisho. Mwezi wa Julai, dirisha la maombi ya vyuo vikuu lilipofunguliwa, kijana akaomba shahada mahali pengine, na nyumba nzima ikafurahi. Kumbe alikuwa na somo moja la muhula wa pili ambalo hakulifaulu, na mtihani wake wa marudio, ambao wao kwa lugha yao huuita "sapu", ulipangwa Septemba. Alidhani kwamba ataomba kwanza, kisha atalifaulu, na mambo yatakutana njiani. Hayakukutana. Somo alilifaulu, tena vizuri, lakini matokeo yalipothibitishwa na chuo chake na kupelekwa yanakohitajiwa, madirisha yalikwisha kufungwa. Akakaa nyumbani mwaka mzima, akiuza viatu vya mitumba.

Yafaa wazazi wazijue hatua zenyewe, kwa sababu kijana mara nyingi huwaeleza nusu. Anayetoka stashahada kwenda shahada hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania awe na ufaulu wa masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, na awe amemaliza stashahada yake kwa wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha 5. Tena, hawezi kuandikwa kwa maneno yake mwenyewe tu. Hana budi kupata namba ya uhakiki, wanayoiita AVN, kutoka Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na namba hiyo haitoki mpaka chuo alichosoma kiwe kimepeleka matokeo yake yote. Angalieni basi mfululizo wake: masomo yaishe, mtihani ufanywe, kamati ya chuo ikae, matokeo yapelekwe, namba itolewe, ndipo maombi yafanywe. Somo moja likichelewa mwanzoni, yote yaliyo nyuma yake huchelewa.

Huyo ni anayehama akiwa amemaliza daraja moja. Mwingine huhama akiwa katikati, mathalan amesoma mwaka mmoja au miwili ya shahada, naye ataka kuimalizia pengine bila ya kurudi mwanzo. Hapa wazazi wengi hupotewa, kwa kuwa huambiwa habari za krediti wasijue ni mnyama gani. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Kwa kanuni za nchi yetu, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, kwa darasani na kwa kujisomea, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka.

Sisi tumezoea kuwaeleza kwa mfano wa sala. Maamuma aliyechelewa, yaani masbuku, akimkuta imamu katika rukuu akarukuu pamoja naye, amekwisha kuipata rakaa ile na huhesabiwa. Akimkuta amekwisha kuinuka, atamfuata katika itidali na sijida, lakini rakaa hiyo hana, atailipa imamu atakapotoa salamu. Hali ya mwenye kuhama chuo ni karibu na hiyo. Somo alilolimaliza na kulifaulu laweza kuhesabiwa kule aendako. Somo aliloliacha katikati, hata akiwa amehudhuria wiki 12 na kufanya majaribio yote, si rakaa. Vyuo vingi hapa kwetu huweka alama 40 katika mia kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Aliyeondoka kabla ya mtihani ameondoka na arobaini isiyokuwa na mwenzake, wala hapana chuo kitakachompokea nayo.

Hata somo lililofauliwa, lakini, halihami lenyewe. Chuo kipya hulinganisha mtaala wa somo lile na wa kwake, kikatazama daraja lake na uzito wake wa krediti, ndipo kikaamua. Jina kufanana hakutoshi. Kwa hiyo mwenye kuhama achukue kutoka chuo chake cha kwanza hati ya matokeo pamoja na maelezo ya kila somo, yaani yale yaliyofundishwa na saa zake, yenye muhuri, na ayachukue angali mwanafunzi wa pale. Akishaondoka, kila karatasi itamgharimu nauli.

Tena pana masomo yaliyopangwa kama ngazi. Uhasibu wa pili hausomwi ila kwa aliyefaulu wa kwanza, na vivyo hivyo hesabu za mainjinia. Vyuo vingi hufundisha somo la namna hiyo mara moja tu kwa mwaka. Sasa kijana akiingia chuo kipya katika mwaka wa pili, akaambiwa kwamba somo fulani la mwaka wa kwanza hana, na somo hilo hufundishwa muhula wa kwanza tu, naye amefika muhula wa pili, basi atangoja mpaka mwaka ujao. Na la pili yake litangoja baada ya hilo. Hivyo ndivyo shahada ya miaka mitatu igeukavyo kuwa ya minne na nusu, na baba akadhani mtoto wake ni mzito wa kichwa. Rai yetu ni kwamba ahamaye na ahame mwaka ukishatimia, masomo yote ya mwaka ule yakiwa mkononi, isipokuwa ana udhuru mkubwa kama maradhi. Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, akiandikie chuo kipya kuuliza masomo yapi yatahesabiwa na yapi atayalipa, apate jibu la maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu kitukufu, ya 282 katika Suratul Bakara, ni ya kuandikiana deni. Sisi Waislamu ndio wa mwisho tungestahili kutegemea jibu la mdomo la karani wa dirishani.

Katika nchi nyingine mambo haya yamepangwa kwa namna tofauti kidogo. Chuo Kikuu cha California, huko Marekani, hupokea kila mwaka wanafunzi wengi wanaoingia mwaka wa tatu wakitoka vyuo vya miaka miwili. Hao hupeleka maombi miezi mingi kabla ya kuanza, nao huandika masomo waliyomaliza, wanayoyasoma sasa, na watakayoyasoma katika muhula uliobaki. Wakikubaliwa, hukubaliwa kwa sharti kwamba yale ya lazima, likiwamo la hesabu na mawili ya Kiingereza, yatakuwa yamefauliwa muhula wa mwisho uishapo. Asiyetimiza aweza kunyang'anywa nafasi. Utaratibu huo una huruma, kwa kuwa wampa mtu nafasi ya kuahidi. Kwetu anayetoka stashahada hapokewi kwa ahadi. Vijana wasomao habari za Marekani katika simu zao wasizichukue wakazipima mambo ya Arusha.

Zamani shida hii haikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na pa kuhamia. Tangu 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwenye kutaka udaktari alikwenda Makerere, wa uinjinia Nairobi, wa sheria Dar es Salaam. Kilipovunjika, Tanzania ilibaki na chuo kikuu kimoja mpaka kilipoanzishwa cha Sokoine, Morogoro, mwaka 1984. Wingi huu wa vyuo ni neema ya juzi juzi.

Bali kuhama kwa ajili ya elimu ni jadi yetu kongwe. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860, akasafiri Makka na Hadhramaut, na mwisho akafundisha Unguja hapo Msikiti Gofu. Na imepokewa kwamba Imamu Shafii, katika ujana wake, hakwenda Madina kwa Imamu Malik mikono mitupu. Alikihifadhi kwanza kitabu cha Muwatta, kisha ndipo akafunga safari. Masheikh hawakuandika krediti, lakini ijaza zao zilitaja mwanafunzi amesoma kitabu gani na kwa nani, na aliyekiacha kitabu katikati hakuandikiwa kwamba amekihitimu.

Tuna neno moja zito. Wapo vijana ambao somo likiwashinda hulificha, wakaomba mahali pengine kama kwamba hawajapata kusoma popote. Huo ni udanganyifu, na zaidi ya dhambi yake haufichiki, kwa sababu namba ya mtihani wa kidato cha nne humfuata mwanafunzi kila aendako, na aliyekwisha kuthibitisha nafasi katika chuo kimoja huonekana aombapo kingine. Na wengine huondoka wakiacha deni la ada, wakidhani wameliruka. Kumbe chuo huzuia hati ya matokeo mpaka deni lilipwe, na bila ya hati masomo yote yale ni kama hayakusomwa. Mwenye mkopo wa serikali naye akumbuke kuwa mkopo hauhami kwa miguu yake, bali Bodi ya Mikopo yataka kuarifiwa mapema.

Limebaki la mabinti. Wengi wao huhama kwa sababu ya ndoa, mume akiwa Tanga au Dodoma, na sisi twaunga mkono binti kuolewa na kuendelea kusoma. Ila tarehe ya arusi hupangwa na wazee wasioijua ratiba ya mitihani. Mwaka jana walitujia wazee wa pande mbili wakiwa wamekubaliana arusi iwe katikati ya Juni. Tulimwita binti nyuma ya pazia tukamwuliza mitihani yake yaisha lini, akasema wiki ya kwanza ya Julai. Mzee wa upande wa mume alinung'unika kidogo kwa ajili ya ukumbi waliokwisha kuulipia, kisha akakubali. Tuliwaozesha katikati ya Julai, siku ya Ijumaa baada ya sala, na binti akaondoka na mumewe, hati zake za mwaka wa kwanza zikiwa ndani ya sanduku pamoja na nguo.