Kamba Inayovuta Lori Haimshiki Mtu

Mwembe mzee mjini Tabora hukatwa kwa sababu zinazojulikana: tawi limeangukia bati, mizizi imeinua msingi, au mwenye kiwanja anataka kujenga. Mwenye nyumba hupiga hesabu, akaona fundi ni ghali, na kazi ikaangukia kwa kijana wa mtaani mwenye chenso ya kuazima, kamba ya manila iliyotoka kwenye lori, na mkanda wa siti uliokatwa kwenye gari bovu. Kabla hajapanda huulizwa swali moja, lile lile ambalo kila anayeijua kazi hii amechoka kulisikia: kamba hii itamshika? Na jibu huwa tayari: inavuta lori, itashindwaje na mtu?

Jibu hilo ni bovu tangu mwanzo, kwa sababu kamba inayovuta gari haibebi gari. Gari la tani moja na nusu likiwa kwenye lami tambarare, breki zimeachiwa, huendelea kusogea kwa mvuto wa kilo ishirini na kitu tu. Uzito wake umebebwa na magurudumu. Ndiyo maana vijana wawili hulisukuma hadi gereji bila kutokwa na jasho jingi. Kwenye mchanga au tope mvuto huongezeka mara nyingi, na hapo ndipo madereva wa njia za Sikonge na Urambo wakati wa masika huiona kamba ile ile ya kuaminika ikikatika mara mbili. Sifa ya kuvuta lori, kwa hiyo, haisemi lolote kuhusu mtu anayeanguka.

Mtu wa kilo 80 akining'inia ametulia, kamba inabeba kilo 80. Akiteleza na kushuka mita 2 kabla kamba haijakaza, kinachoamua mambo ni umbali anaosimamishwa ndani yake. Akisimamishwa ndani ya sentimita 10, mvuto wa wastani hufikia kilonyutoni 16, sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya kilo 1,600. Kamba mpya ya katani ya milimita 12 hukatika kwenye mzigo wa takriban kilo 900. Ikipigwa fundo, hupoteza theluthi moja ya nguvu hiyo au zaidi. Ikikaa juani juu ya turubai la lori misimu miwili, hakuna anayeweza kusema imebaki na nguvu kiasi gani. Zile za plastiki za manjano huliwa na jua hadi zikatoa unga mkononi, na bado huitwa nzima kwa sababu hazijakatika.

Hapo hujitokeza mjanja mwenye waya wa chuma au mnyororo. Kweli haukatiki kirahisi. Lakini kwa kuwa haunyumbuki, mshtuko wote humalizikia kwenye mbavu na uti wa mgongo wa aliyefungwa. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuzuia kuanguka vinataka mvuto unaomfikia mtu usizidi kilonyutoni 6. Ndiyo sababu vifaa halali huwa na kifyonza mshtuko, yaani utepe uliokunjwa na kushonwa ambao mishono yake huachia hatua kwa hatua na kumrefushia mtu safari ya kusimama. Nguvu ya kamba peke yake ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Inasahauliwa zaidi pale kamba inapofungwa kiunoni. Mtu akianguka, kitanzi hupanda na kubana chini ya mbavu, kiwambo kinashindwa kufanya kazi, na pumzi hukatika ndani ya dakika chache hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Mkanda wa siti hauponyi tatizo hili. Ndani ya gari mkanda huo una nguvu kwa sababu umeshonwa kiwandani, umeshikwa na bolti kwenye bodi, na unagawa mzigo kifuani na nyongani kwa pamoja. Ukikatwa na kupigwa fundo la mkono, utepe bapa huteleza taratibu kila mpandaji anapojigeuza. Kama gari lililoutoa liliwahi kugongwa, nyuzi zake zilishafanya kazi yake ya mwisho.

Watetezi wa kamba ya kienyeji wana hoja moja iliyobaki, na ndiyo inayopendwa zaidi Unyamwezini: warina asali wamepanda miti kwa kamba za magome ya miyombo tangu zama za mababu. Ni kweli, na hoja haisogei hata hatua moja. Mrina asali hupanda mti anaoujua, na anaondoka akiuacha umesimama. Kamba yake humsaidia kukumbatia shina na kushusha mzigo, hategemei kuiangukia. Wala hashiki juu ya mti mashine inayokata chochote inachokigusa. Mkata mti hufanya kinyume cha haya yote: anauharibu ule ule mti uliombeba.

Chenso ikigusa kamba iliyokaza, hiyo ndiyo inayokatika kabla ya tawi. Kwa hiyo fundi halisi anapokata hujifunga mara mbili, na mojawapo ya mishipi hiyo huwa na waya wa chuma ndani yake. Hatari kubwa zaidi ni shina kupasuka kwa urefu badala ya kukatika. Kitanzi kilichozungushwa shinani hukaza ghafla shina linapofunguka, na mtu husagwa kati ya mshipi wake na mti. Kamba ikiwa imara zaidi, hapa ndipo inapoua vizuri zaidi. Halafu kuna uozo. Mwembe wa miaka mingi huweza kuwa na majani mabichi nje na pango la mchwa ndani. Tawi la namna hiyo halishiki mtu hata likifungwa kwa kamba ya meli. Kichuguu kwenye kikonyo cha tawi, uyoga kwenye shina, au mlio wa ngoma linapogongwa kwa kisogo cha shoka, yote yanatosha kuahirisha kupanda.

Viatu vya kupandia vya nondo zilizochongwa na kuchomelewa gereji havistahili maelezo marefu. Weldingi hupasuka bila taarifa, na ncha hufyatuka kwenye gome nene la mwembe.

Njia zilizopo ni hizi. Kwanza kuangalia kama mti lazima uondoke. Kupunguza matawi mara nyingi hutosha, na miembe iliyo kando ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, kupitia Kwihara karibu na Tabora, ni sehemu ya historia iliyoifanya Tanzania iipendekeze njia hiyo kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, kwa hiyo halmashauri iulizwe kabla ya shoka. Mti ukigusa au kukaribia nyaya za umeme, kazi isimame hadi TANESCO wazime laini. Penye nafasi ya kuangukia, mti ukatwe kutoka chini, na hapa ndipo kamba ya lori inapopata kazi yake halali: kuuvuta upande unaotakiwa, wavutaji wakiwa mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Matawi madogo yakatwe kwa msumeno uliofungwa kwenye mpini mrefu, mkataji akiwa ardhini. Pasipo nafasi, aajiriwe fundi mwenye vifaa, au lori lenye kikapu. Anayepanda avae mkanda wa mwili mzima wenye pete za ubavuni. Ule wa mafundi ujenzi wenye pete moja mgongoni humzuia mtu akianguka lakini haumpi nafasi ya kufanya kazi. Ajifunge mara mbili, avae kofia ngumu yenye kamba ya kidevu, na atumie msumeno wa mkono badala ya chenso kila inapowezekana. Ngazi ifungwe juu na chini, na isiwe jukwaa la kukatia. Upepo ukianza, au gome likiwa limelowa, ashuke.

Chini abaki mtu mmoja asiye na kazi nyingine, mwenye simu yenye salio, kamba ya pili, na ujuzi wa kumshusha aliyening'inia. Aliyezimia ndani ya mkanda hasubiri gari lifike, kwa maana damu hujikusanya miguuni na moyo hukosa cha kusukuma. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, bila malipo, na hupigiwa wakati ushushaji ukiendelea, si baada yake.