Likizo, simu ya mama na mtu wa upande wa pili

Shule zikifungwa, simu za hapa Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru mkoani Arusha, hubadilisha mikono. Muhula mzima mwanafunzi haruhusiwi kuingia na simu darasani wala bwenini. Likizo ikianza, anapewa ile ya zamani ya kaka au anaazima ya mama jioni, ajisomee, acheze gemu, achati na wenzake. Mama ameshinda sokoni Tengeru au kwenye mashamba ya maua Usa River, baba yuko barabarani kati ya Arusha na Moshi. Laini imesajiliwa kwa jina la mzazi, bando linanunuliwa na mzazi, lakini anayejua kilichomo ndani ya simu ni mtoto.

Mwaka 2022, ECPAT, INTERPOL na ofisi ya utafiti ya UNICEF Innocenti walitoa ripoti ya Disrupting Harm kuhusu Tanzania. Iligundua kuwa asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 nchini hutumia intaneti, na kwamba asilimia 4 ya watumiaji hao walifanyiwa ukatili mzito wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kwa makadirio ya nchi nzima, hao ni watoto wapatao 200,000. Wachache mno kati yao walipiga simu ya msaada au kufika polisi.

Njia anayopita mkosaji haina ufundi mkubwa. Anaanza na salamu na sifa: umependeza, unasoma shule gani, uko kidato cha ngapi. Anatuma vocha. Anamhamisha mtoto kutoka Facebook au kwenye gemu hadi WhatsApp, wabaki wawili. Anaomba picha ya kawaida, kisha nyingine isiyo ya kawaida. Akiipata, lugha inageuka: tuma nyingine au hii anaiona baba yako na shule nzima. Kuna wanaotaka picha zaidi, kuna wanaotaka pesa, na kuna wanaotaka mtoto awafuate mahali.

Ukanda wetu una mlango mmoja wa ziada. Hapa ndipo watalii wanapopinda kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kwa miaka mingi wageni wamejitolea katika shule na vituo vya watoto. Wengi wao ni watu wema, na wapo vijana waliosomeshwa nao. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asiyejulikana akimwandikia mtoto kwamba anatafuta wa kumlipia ada, nyumba nzima inaweza kufurahi kabla ya kuuliza. Mfadhili wa kweli huzungumza na mzazi na shule. Anayetaka kuzungumza na mtoto peke yake, usiku, huku akimsihi asimwambie mtu, huyo ni wa kumkataa hata akituma ada.

Programu inafanya nini

Wazazi wanaofuatilia mambo haya wameanza kusikia habari za programu za kulinda watoto. Inayopatikana kirahisi ni Family Link ya Google, iliyoanza mwaka 2017 na haina malipo. Unaiweka kwenye simu yako, unamfungulia mtoto akaunti yake, kisha unaziunganisha. Mtoto akitaka kupakua programu, ombi linakuja kwako. Unapanga saa ambayo simu itajifunga usiku, unaona ametumia muda gani kwenye nini, na unaona simu iko wapi. Wenye iPhone wanayo Screen Time, iliyokuja mwaka 2018.

Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, hayo ni mengi na yanatosha kwa sehemu kubwa. Kwa wa miaka kumi na tano, hayatoshi. Family Link haimwonyeshi mzazi meseji. WhatsApp nayo imefunga mazungumzo tangu 2016 kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiyasomi, na ina picha zinazofunguka mara moja na kupotea. Tena programu hizi zimetengenezwa kwa nyumba ambayo kila mtoto ana simu yake. Simu moja inayozunguka kwa watu watano ina akaunti moja, ya mama.

Watu wa Maji ya Chai wanalifahamu jambo hili la kinga isiyofika kila mahali kupitia maji yao. Floridi iliyozidi kwenye maji ya miteremko ya Meru haina rangi wala ladha. Unakuja kuiona baadaye, kwenye meno ya mtoto. Chujio la nyumbani linasaidia, lakini mtoto hunywa pia shuleni na kwa jirani. Simu nayo iko kwa jirani, kwa binamu na kijiweni.

Kuna jambo jingine ambalo programu hailiwezi. Ripoti ile ile ilionyesha kuwa mara nyingi anayemdhulumu mtoto mtandaoni ni mtu anayemfahamu. Namba yake imehifadhiwa kwenye simu kwa jina linaloheshimika: anko fulani, mwalimu wa tuisheni, bodaboda anayempeleka shule. Hakuna programu itakayopiga kengele kwa sababu anko ametuma salamu.

Ulinzi wa wazi, si upelelezi

Baadhi ya wazazi huamua kununua programu ya siri, inayonakili kila meseji bila mtoto kujua. Ina hasara mbili. Ya kwanza ni usalama wake wenyewe: mwaka 2018, TeenSafe, programu ya Marekani iliyouzwa kwa wazazi ili kulinda watoto, iligundulika imeacha taarifa za maelfu ya akaunti wazi kwenye intaneti, zikiwemo nywila za watoto. Ya pili ni kwamba mtoto akigundua anapelelezwa, na atagundua, atahamia kwenye simu usiyoijua. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya faragha. Haki hiyo haimzuii mzazi kulea. Inamtaka alee kwa uwazi.

Basi iweke programu kama Family Link mtoto akiwa amekaa pembeni, ukimweleza unaona nini na huoni nini. Ingieni pamoja kwenye mipangilio ya WhatsApp, mzuie wageni kumwingiza kwenye magrupu na kuona picha yake. Simu zilale sebuleni, na ya baba ikiwemo. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama zote unazijua ziko kwa nani.

Likishatokea

Mzazi akiziona picha au vitisho, mkono wa kwanza hukimbilia kufuta, wa pili kusambaza kwenye grupu la wazazi ili wengine wajihadhari. Yote mawili yanaharibu. Kufuta kunapoteza ushahidi. Kusambaza ni kosa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka saba kwa picha za ngono za watoto, na nia njema haiwi ruhusa ya kusambaza. Usimjibu mkosaji, usimlipe, na usimwite nyumbani mkamalizane kwa mazungumzo ya kifamilia. Simu ipelekwe ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya kitaifa ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Lakini hatua zote hizo zinasubiri mtoto aseme kwanza, na hapo ndipo mkosaji anapopata nguvu yake. Tishio lake, «nitamwambia baba yako», linafanya kazi kwa sababu mtoto anamjua baba yake. Anajua simu itanyang'anywa, fimbo itafuata, na ukoo mzima utaambiwa. Nyumba ambayo mtoto ana uhakika kwamba akisema hatapigwa wala kuaibishwa, hata kama ni yeye aliyetuma ile picha ya kwanza, imemnyima mkosaji silaha aliyoitegemea. Ahadi hiyo haihitaji bando wala simu janja. Inahitaji itolewe sasa, kabla hakijatokea kitu, na itimizwe siku itakapodaiwa.