Usaili wa Mhandisi wa Mifumo (3): Jina na Namba

Wiki hii nilikusudia kueleza ugawaji wa mzigo kati ya seva, lakini Jumatatu ya Oktoba 20, 2025 imenibadilishia mada. Siku hiyo huduma za Amazon zilitetereka katika vituo vyake vya Virginia, Marekani, na programu chungu nzima zikagoma duniani kote. Chanzo ni taratibu mbili za kujiendesha zilizogongana kazini, rekodi ya anwani ya hifadhidata ya DynamoDB ikabaki tupu. Seva zilikuwapo; aliyezitafuta kwa jina hakuzipata.

Tukio hilo linatupeleka kwenye swali linalopendwa na wasaili: ukiandika anwani kwenye kivinjari, nini hutokea? Vijana wengi hujibu kwamba DNS hugeuza jina kuwa namba, wakaishia hapo. Ukiwauliza kwa nini ilibuniwa, kimya.

Katika miaka ya 1970, majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT. Iliitunza ofisi ya Elizabeth Feinler, Menlo Park, California. Ukiwa na kompyuta mpya, uliwaarifu watu wa ofisi hiyo waiandikishe, na kila kituo kikajichukulia nakala. Kompyuta zilipoongezeka faili ilinenepa, nakala zikapishana. Jon Postel akamkabidhi Paul Mockapetris kazi ya kutafuta dawa, naye mwaka 1983 akaleta DNS.

Kwa miaka mingi sijachoka kuustaajabia ubunifu huu. Mzizi wa DNS haubebi majina yote. Unachojua ni nani aulizwe kuhusu .tz, na huyo wa .tz atakuelekeza kwa mwenye jina lenyewe. Kila mmoja anawajibika kwa ukoo wake. Jibu likipatikana huwekwa akiba kwa muda uliopangwa, TTL, na ndiyo sababu kosa likisharekebishwa wapo watumiaji wanaoendelea kuhangaika.

Aliyeelewa haya, akiambiwa tovuti haifunguki, hakimbilii kuizima na kuiwasha seva. Ataanza na jina, aende kwenye njia, mlango wa 443, cheti, ndipo afungue kumbukumbu za matukio. Msaili anausikiliza mpangilio huo wa fikra kuliko amri ulizozikariri. Na kukariri majibu ya watu wengine ili upewe funguo za mifumo ya benki au hospitali ni kukosa uaminifu, hata ukipata kazi. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza utakavyolitafuta.

Kabla ya siku yako ya usaili, chukua kompyuta kuukuu, sakinisha Linux na BIND, programu ya seva ya DNS, tunga jina la kwako, lipe TTL ya dakika tano, kisha lifute na uhesabu linachukua muda gani kupotea. Endesha pia amri ya dig +trace kwa jina lolote la .tz, usome kila mstari. Ugawaji wa mzigo tutauanza wiki ijayo.