Ng'ombe akitafuna mifupa, huenda anadai madini

MFUGAJI wa Mata, katika eneo la Taveta, Kaunti ya Taita Taveta, akimwona ng'ombe wake ameokota mfupa mkavu malishoni na kuutafuna bila kuuachia, huenda akadhani mnyama ameingiwa na wazimu au amejifunza tabia mbaya. Aghalabu ukweli ni mwingine. Mwili wa ng'ombe huyo unadai madini ambayo nyasi kavu hazina, hasa fosforasi, na njia aliyoichagua kuyatafuta yaweza kumuua.

Mata iko kando ya Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, jirani na Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba. Nyasi zinapochipua huwa na protini na madini ya kutosha. Zinapokomaa na kukauka, fosforasi hupungua sana kwenye majani na mashina. Hivyo mnyama aweza kujaza tumbo tangu asubuhi hadi jioni na bado mwili wake ukabaki na njaa. Ukame uliodumu tangu 2020 hadi 2023, ambao uliangamiza mifugo wengi katika kaunti kame za Kenya, uliwakumbusha wafugaji jinsi hali hiyo inavyoweza kurefuka.

Madini ni sehemu ndogo ya chakula cha mnyama lakini kazi yake ni kubwa. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini, na karibu asilimia 80 ya fosforasi, imo kwenye mifupa na meno. Fosforasi pia husaidia mwili kupata nguvu kutokana na chakula. Ikikosekana, ng'ombe hupoteza hamu ya kula, hukonda, hukawia kupata joto na ndama hudumaa. Maziwa nayo hupungua, kwani kila lita hubeba takriban gramu 1.2 za kalsiamu na karibu gramu moja ya fosforasi, na hayo yote hutoka mwilini mwa mama.

Hatari ya kutafuna mifupa ilifahamika karne moja iliyopita nchini Afrika Kusini. Ng'ombe wengi walikuwa wakipooza miguu, wakianguka na kufa. Kufikia 1920, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake walikuwa wamebaini kwamba malisho yalipungukiwa na fosforasi, ng'ombe wakala mifupa ya mizoga, na mizoga hiyo ilikuwa na sumu ya bakteria waletao ugonjwa wa botulizimu. Ng'ombe waliopewa unga wa mifupa uliotayarishwa vyema waliacha kutafuna mizoga, na afya yao ikaimarika.

Funzo hilo linawahusu wafugaji wa nchi kavu kama Mata, ambako mifupa ya mifugo na wanyamapori huweza kusalia nyikani. Mnyama aliyepata sumu hiyo hulegea miguu, hushindwa kumeza na mate humtiririka. Kwa kuwa kichaa cha mbwa nacho huweza kuleta dalili zinazofanana, mfugaji hapaswi kutia mkono kinywani mwa mnyama huyo wala kumchinja kwa ajili ya kitoweo. Amwite daktari wa mifugo. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina, lakini mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla usipasuliwe, maana huenda ni kimeta.

Kenya yenyewe ina kisa chake. Wakati wa ukoloni, ng'ombe katika mashamba ya Nakuru walikonda huku majani yakiwa tele, hata maradhi hayo yakapewa jina la mji huo. Baadaye ilibainika kuwa kilichokosekana ni kobalti. Vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe huitumia kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hudhoofika hata akiwa katikati ya majani mabichi.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba chumvi ya mezani au magadi hutosheleza mahitaji yote. Chumvi humpa mnyama sodiamu na klorini, naye huihitaji kweli, lakini haina fosforasi. Magadi ghafi nayo huongeza sodiamu, na yaweza kuwa na floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Tahadhari hii ina uzito zaidi katika maeneo yanayozunguka Mlima Kilimanjaro, ambako baadhi ya vyanzo vya maji tayari vina floridi. Vivyo hivyo, mbolea ya fosfeti ya shambani si chakula cha mifugo.

Anachohitaji mfugaji ni mchanganyiko wa madini ulioandikwa viwango vya kalsiamu, fosforasi, shaba, zinki, kobalti na madini ya joto. Ng'ombe mkubwa hupewa kati ya gramu 50 na 100 kwa siku, kwa kufuata maelezo ya pakiti. Uwekwe kwenye kihori kilichoezekwa ili mvua isiuyeyushe, karibu na mahali pa kunyweshea maji. Mchanganyiko wa ng'ombe usipewe kondoo, kwa sababu kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe huweza kumuua kondoo.

Asiyemudu kununua kila mara aanze na ng'ombe wanaokamuliwa, wenye mimba na ndama. Pumba za mahindi au ngano huongeza fosforasi, na majani ya mimea jamii ya kunde huongeza kalsiamu.

Hata hivyo, si kila mnyama anayetafuna vitu visivyo chakula amekosa madini. Minyoo pia huweza kuwa chanzo. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, na afisa wa mifugo wa karibu ndiye wa kuulizwa kwanza. Mfupa mdomoni mwa ng'ombe ni ishara ya mapema, na gharama ya kihori cha madini ni ndogo kuliko ya mzoga.