Marion Bartoli: siku 39 tu baada ya kutwaa Wimbledon, akaweka raketi chini

Siku ya tatu, tarehe 14 mwezi wa nane 2013, huko Cincinnati, Marekani, Marion Bartoli alishindwa na Simona Halep wa Romania katika mchezo ambao haukuwa na uzito mkubwa. Waandishi wa habari walioitwa usiku ule walidhani watasikia maelezo ya kawaida: uchovu, joto, safari. Badala yake, Mfaransa huyo wa miaka 28 alitangaza, machozi yakimtoka, kwamba anaacha tenisi. Alieleza kwamba kila akicheza dakika 45 au saa moja, mwili wote unamuuma: bega, mgongo, nyonga, visigino.

Siku 39 mbele ya hapo, mwanamke huyohuyo alikuwa ameshinda Wimbledon, mashindano ambayo wachezaji wengi wa tenisi wanayaweka juu ya yote. Alikuwa wa 7 duniani. Hakuna aliyekuwa amemfukuza, na wadhamini walikuwa wakimngoja. Kwa wale wanaofuata zaidi mpira wa miguu, ni kama mchezaji angenyanyua Kombe la Dunia na mwezi uliofuata arudishe viatu.

Habari yenyewe inaanzia Retournac, mji mdogo wa Haute-Loire, katikati ya Ufaransa. Baba yake, Walter Bartoli, alikuwa daktari. Hakuwa amecheza tenisi ya kulipwa wala kupata shahada ya ukocha. Mwaka wa 1992 aliona fainali ya Roland-Garros ambamo Monica Seles alimshinda Steffi Graf, Seles akishika raketi kwa mikono miwili upande wa kulia na upande wa kushoto. Daktari aliona hapo dawa ya binti yake. Tangu siku zile Marion naye akapiga kwa mikono miwili kila upande, na hakubadilisha mpaka mwisho.

Mtindo huo una bei yake. Anayeshika kwa mikono miwili hafiki mbali kama mwenye kunyoosha mkono mmoja, kwa hiyo lazima akimbie hatua moja zaidi kwa karibu kila mpira. Uwanja wa ndani wa Retournac nao ulikuwa mfinyu, ukuta ukiwa karibu sana nyuma ya mchezaji, hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Marion akazoea kusimama mbele na kuupiga mpira ungali unapanda. Kile ambacho watu walikiita ajabu kilitoka kwenye ukuta ule.

Walter aliacha udaktari ili amfundishe binti yake. Alibuni mazoezi yake mwenyewe: kamba za mpira za kumvuta mchezaji anapokimbia, mipira ya tenisi iliyofungwa kwenye visigino vya viatu ili asiweze kukanyaga kwa kisigino. Wenye kujua mchezo walicheka. Walicheka pia namna Marion alivyoanzisha mpira bila kuudundisha kwanza, na alivyorukaruka na kupiga hewa kati ya pointi moja na nyingine huku amempa mpinzani mgongo. Lakini mwaka wa 2001 alishinda US Open ya vijana, na kicheko kilipungua kidogo.

Dunia ilimjua vizuri mwaka wa 2007. Katika nusu fainali ya Wimbledon alikutana na Mbelgiji Justine Henin, namba moja duniani, na akapoteza seti ya kwanza 6-1. Baadaye alisimulia kwamba aliinua macho akamuona mwigizaji Pierce Brosnan amekaa kati ya wageni wa heshima, akajiambia hawezi kucheza vibaya namna ile mbele yake. Kweli au mzaha, alishinda seti mbili zilizofuata, 7-5 na 6-1. Fainali, Venus Williams alimshinda 6-4, 6-1. Wengi walisema imetosha, bahati haigongi mlango mara mbili.

Ndani ya Ufaransa, mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko uwanjani. Sheria ilidai kwamba anayetaka kucheza Michezo ya Olimpiki ajitoe kwanza kwa timu ya taifa katika Fed Cup. Marion alitaka baba yake aendelee kumfundisha hata ndani ya timu ya taifa, shirikisho lilikataa. Hakuna upande uliolegea. Mwaka wa 2012 Olimpiki ilifanyika London, na tenisi ilichezwa Wimbledon kwenyewe, kwenye majani aliyoyapenda. Bartoli, aliyekuwa mmoja wa wanawake bora wa Ufaransa, hakuwemo. Katika jambo hili ni vigumu kuipa haki yote pande moja. Shirikisho lina timu ya kulinda. Lakini mtu ambaye baba yake ameacha kazi kwa ajili yake anawezaje kumwambia abaki mlangoni?

Hata hivyo alijua kumwambia. Wimbledon 2011, mchezo ukimwendea vibaya mbele ya Flavia Pennetta wa Italia, aliwaonyesha wazazi wake wote wawili kwa mkono watoke uwanjani. Walitoka. Alishinda mchezo ule, na mzunguko uliofuata akamtoa Serena Williams, aliyekuwa bingwa mtetezi. Watu walibakia wakisema juu ya wazazi kuliko juu ya Serena.

Mwanzoni mwa 2013 baba na binti walikubaliana kuachana kikazi. Marion akakaribia timu ya taifa, iliyokuwa sasa chini ya Amélie Mauresmo, bingwa wa Wimbledon wa 2006. Mwaka ule haukuwa mzuri: mpaka mwezi wa sita hakuwa amefika hata fainali moja. Alipofika London, hakuna aliyemhesabu.

Kisha vigogo wakaanza kuanguka. Serena, Maria Sharapova na Victoria Azarenka wote walitoka mapema. Bartoli hakukutana hata na mmoja wa wanawake kumi wa juu, na wapo wanaomsimanga kwa hilo mpaka leo. Lakini mchezaji hachagui mpinzani. Anacheza na aliyewekwa mbele yake. Yeye aliwashinda wote saba bila kupoteza seti hata moja. Kabla ya nusu fainali dhidi ya Kirsten Flipkens alilala usingizi kidogo, akaamka, akashinda 6-1, 6-2.

Fainali ilikuwa siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa saba, dhidi ya Mjerumani Sabine Lisicki, yule aliyemtoa Serena. Lisicki alilemewa na woga hadi kulia katikati ya mchezo. Bartoli akachukua seti ya kwanza 6-1 na kuongoza 5-1 katika ya pili. Alipata nafasi tatu za kumaliza, zote tatu zikapotea, na Lisicki akapanda mpaka 5-4. Hapo ndipo wengi huvunjika. Bartoli alishika mpira, akaumaliza mchezo kwa kuanzisha mpira ambao Mjerumani hakuugusa. Kisha akapanda jukwaani kwa watu wake. Walter alikuwepo, safari hii kama baba tu, na binti yake akamkumbatia.

Ilikuwa mara yake ya 47 kucheza mashindano ya Grand Slam. Hakuna mwanamke aliyekuwa amengoja hivyo kabla ya kushinda taji la kwanza. Miaka miwili baadaye Muitaliano Flavia Pennetta alivuka rekodi hiyo New York, katika mara yake ya 49, na papo hapo naye akatangaza kwamba anastaafu. Inaonekana ngoja ndefu hula nguvu ambazo zingetumika baadaye.

Siku hiyohiyo ya ushindi, mtangazaji wa BBC John Inverdale alisema redioni maneno ya kudharau sura ya Bartoli, akidhani labda baba yake alimwambia utotoni kwamba hatakuwa mrembo. Malalamiko yalimiminika, BBC ikaomba radhi. Bartoli alijibu kwa utulivu kwamba hakuwahi kuota kuwa mwanamitindo, aliota kushinda Wimbledon, na ameshinda.

Maneno ya aina hiyo hayakuishia pale. Baada ya kustaafu, alieleza hadharani, mwanaume aliyekuwa naye alimwambia kila siku kwamba ni mnene. Mwaka wa 2016 alionekana amekonda kupita kiasi. Alisema ni virusi, na kwamba aliogopa kufa. Waandaaji wa Wimbledon walimkataza hata kucheza mchezo wa wakongwe, kwa sababu ya afya yake. Mwishoni mwa 2017 alitangaza anarudi kwenye tenisi, lakini 2018 bega likakataa na akaachana na mpango huo. Amekuwa mchambuzi wa tenisi, amemfundisha Jelena Ostapenko wa Latvia, na mwishoni mwa 2020 alizaa mtoto wa kike.

Kwa jumla alibeba mataji nane ya peke yake, mengi yakiwa madogo: Auckland, Quebec, Monterrey, Osaka na kadhalika. Lenglen, Mauresmo na Bartoli ndio wanawake watatu pekee wa Ufaransa walioshinda Wimbledon mmoja mmoja. Tangu siku ile ya posho ya 2013, Ufaransa haijapata taji la Grand Slam la mchezaji mmoja, kwa wanawake wala kwa wanaume. Mwaka wa 2025 Loïs Boisson, wa 361 duniani, alifika nusu fainali ya Roland-Garros, na magazeti ya Paris yakaanza tena kuhesabu miaka.